Mita na Gemu la Mpagazi

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anasoma mita za maji. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, na siku hizi hata mama yake mzazi akipiga simu anauliza, "Mita ameshakula?" Kila siku ya kazi anatembea nyumba kwa nyumba na daftari lake, anainama kwenye vishimo vya mita, anapangusa kioo kwa kitambaa, anaandika namba, anaaga. Kazi hiyo inamfikisha nyuma ya nyumba za watu, na nyuma ya nyumba ndiko watu wanakotupa vitu. Mita hawezi kupita kompyuta iliyotupwa bila kuuliza kama ina mwenyewe.

Anaishi chumba cha uani kwetu. Ukitaka kuingia, unasukuma mlango kwa bega kwa sababu kuna kitu nyuma yake, kila siku kitu kingine. Ndani kuna televisheni tatu za zamani zenye mgongo, mashine za gemu zilizomzidi umri mwanangu wa mwisho, na maboksi ya kaseti zake, nyingine bado zina majina ya watoto waliozimiliki, yamekwaruzwa kwa msumari. Mita anazifungua moja moja, anasugua meno ya shaba ya kila kaseti kwa mswaki na spiriti, anazijaribu, na ikiwaka moja anatabasamu peke yake kama mtu aliyesifiwa. Mimi nilikuwa namwambia, "Siku chumba chako kikiungua, zimamoto watauliza duka la nani." Yeye hucheka tu. Utani wa shemeji haumkasirishi mtu.

Juu ya kitanda chake kuna rafu, na juu ya rafu kuna kompyuta ndogo isiyozimwa. Siku moja nilimuuliza ni ya nini. Nilijiponza mwenyewe, maana alinieleza. Akasema kuna jukwaa lao, watu kama mia mbili hivi, kila mmoja na mashine yake ndogo nyumbani kwake, na kila mashine ina nakala ya mazungumzo yote. Hakuna makao makuu wala mwenye mali. Mashine moja ikizimika, nyingine zinaendelea, na ile ikiwaka tena zinaipa habari za yaliyopita.

"Yaani kijiji kisicho na mwenyekiti," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

"Na mkigombana nani anaamua?"

"Tunagombana tu, shemeji. Halafu tunaendelea."

Kazi yao kubwa huko ni kuyaandika upya magemu ya zamani, yale ambayo walioyatengeneza walishafunga milango. Wanayaandika kwa programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kufungua aone lilivyotengenezwa, alirekebishe, ampe mwenzake. Na wana sheria moja wasiyoichezea: hubadilishi kitu bila kuandika umebadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Hata ukigusa nukta, unaandika. Nikamwambia sawa. Kwa Mita nilikuwa na sawa ya aina moja tu, ile ya kumnyamazisha mtu bila kumvunjia heshima.

Mimi ni mkata nguo. Miaka ishirini na miwili niko kwenye karakana moja ya sare za shule, na sishoni, nakata. Watu hawajui tofauti. Mshonaji akikosea anafumua anaanza upya. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwenda, tena si kimoja, maana nakata tabaka nane kwa mkasi mmoja. Kwa hiyo nina maringo kidogo, sikatai. Meza yangu ni ile ya dirishani, na hakuna mtu anayeweka kikombe cha chai juu yake.

Asubuhi moja, katikati ya mkono wa shati, mkasi ulinidondoka. Nikauambia mkono uokote. Mkono ukaniangalia tu. Wenzangu wanasema nilibaki nimesimama nikiusemesha mkono wangu kama mtoto mkaidi, mpaka mguu nao ukafuata na nikakaa chini. Kiharusi. Nililala wodini siku kumi na mbili. Mguu ulirudi mapema. Mdomo haukuguswa kabisa, na mume wangu anasema kwa hilo alishukuru huku akijisikitikia. Ila mkono wa kulia ulilala pembeni yangu kama wa mtu mwingine.

Mwenye karakana alikuja kuniona. Ni mwanamke wa maneno machache. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Meza yako naishikilia mpaka oda za muhula mpya zianze. Hiyo ni miezi minne. Baada ya hapo utanisamehe, dada yangu, shule hazisubiri." Sikumchukia. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, na pengine ningetoa mitatu.

Hospitali walinipa mpira wa kubonyeza. Mara mia asubuhi, mara mia jioni. Yule dada wa mazoezi ya viungo alinieleza vizuri kwamba mkono haujafa, kilichokatika ni mawasiliano na kichwa, na njia ni kurudia, kurudia, kurudia. Nilimwelewa. Lakini mpira hausemi kitu. Umebonyeza, hujabonyeza, uko vile vile, unakukodolea. Wiki ya kwanza nyumbani niliutupa mara mbili kwa mkono wa kushoto, na mara ya pili ulitua kwenye sufuria.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Mita akaja sebuleni na televisheni begani. Akaiweka mezani kwangu bila kuomba ruhusa, akarudi chumbani kwake, akaja na mashine, akarudi tena, akaja na kitu nilichokitambua mara moja. Ulikuwa mkasi wa kitambaa, mzee, makali yake yamekatwa kwa msumeno na kulainishwa, na kwenye mishikio yake zimetoka nyaya mbili. Ukifumba mkasi, nyaya zinakutana na televisheni inajua.

"Nani kakuambia nataka gemu?" nikauliza.

"Hakuna."

"Basi ondoa."

"Jaribu kwanza, shemeji, halafu niondoe."

Kwenye kioo kulikuwa na lori, na chini ya lori mpagazi mdogo wa kofia. Lori linarusha magunia mia moja. Ukifumba mkasi kwa wakati, mpagazi anadaka. Ukichelewa, gunia linaanguka na mpagazi anajishika kiuno kwa uchungu. Mita alinieleza kwamba gemu hili ni la zamani sana, watu wa jukwaani waliliandika upya, na yeye amelipunguza kasi kwa ajili yangu. Akanionyesha neno dogo pembeni ya kioo, Mabadiliko. "Kila nitakachokigusa humu kitaandikwa hapo, shemeji. Ukitaka kujua, fungua hapo." Nikamwambia sawa.

Siku hiyo nilidaka magunia matatu. Mpagazi alijishika kiuno mara tisini na saba, nami nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nikamwambia Mita achukue vitu vyake. Akajibu, "Kesho basi," akaenda zake, akaacha kila kitu mezani. Kesho yake nilipokuwa peke yangu nikajaribu tena. Matano. Jioni, manane. Tofauti na mpira, mpagazi alikuwa na la kusema kila nilipofumba, na mimi ni mtu wa kujibizana. Wiki ya pili ilipoisha nilifika magunia arobaini na mbili. Nilimtangazia mume wangu, nikamtangazia jirani, nikamtangazia hata aliyekuja kuuza mayai.

Halafu nikakwama hapo hapo. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Arobaini na tatu. Kila Jumatatu nilianza vibaya, ishirini na kitu, na wiki nzima nikipanda mlima ule ule mpaka arobaini, na Jumatatu nyingine niko chini tena. Wiki ya nne hivyo, ya sita hivyo, ya tisa hivyo. Mume wangu, ambaye ana moyo mzuri na methali nyingi, akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba mbivu zimeshaoza. Ni kweli nilikuwa nimeanza kushika kikombe, na siku moja nilifunga vifungo vya gauni nikiwa nawaza mambo mengine, lakini kikombe si mkasi. Niliamini namba. Mtu anayekata nguo anaamini namba, na namba ilisema nimefika mwisho wangu.

Zilipobaki wiki tatu oda zianze, nikapiga moyo konde, nikampigia mwenye karakana. Nikamwambia meza ampe mwingine. Kisha akasema habari ya namna hiyo haipokei kwa simu, atakuja Alhamisi tuonane, na kama bado ni hivyo atachukua zile karatasi za vipimo ninazoziweka nyumbani. Nilipokata simu niliingia jikoni nikaanza kumenya viazi kwa mkono wa kushoto, vibaya, ganda nene. Sikulia. Nilikuwa na hasira sana, na sikujua namkasirikia nani.

Mita aliporudi kutoka kazini mume wangu alimwambia. Akaja jikoni na matope yake ya vishimo, viatu mlangoni, soksi moja imetoboka.

"Shemeji, kaka anasema umeacha meza."

"Nimeacha."

"Kwa nini sasa? Umeshafika tisini."

"Tisini ya nini? Arobaini, Mita. Wiki tisa ni arobaini. Hata kuhesabu hujui?"

"Magunia arobaini. Kasi tisini." Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma mita inayozunguka kinyumenyume. "Ulianza na kasi ishirini. Ukifika arobaini ninapandisha kidogo kila Jumatatu, ili mkono usizoee. Saa hizi unacheza karibu sawa na wa jukwaani wenye mikono mizima. Kuna wanaokushangaa."

Nikaweka kisu chini. "Na mimi ulinijulisha lini?"

"Nimeandika."

"Umeandika wapi?"

"Pale. Kwenye Mabadiliko."

Nilitoka jikoni nikaenda sebuleni. Nikafungua lile neno dogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Yalikuwepo yote, yamepangwa kwa tarehe, la karibuni juu. Kasi kutoka themanini hadi tisini. Sababu, amedaka arobaini na tatu na hakuchoka. Kasi kutoka sabini na tano hadi themanini; sababu, amefunga vifungo vya gauni mwenyewe, hajagundua. Kasi kutoka arobaini na tano hadi hamsini; sababu, amegombana na muuza mayai, yuko vizuri. Na chini ya kila moja, watu nisiowajua wamejibu. Mmoja anayejiita Mstaafu alikuwa ameandika, "Mpe pole na hongera." Mwingine akauliza kama mchezaji ameambiwa anavyoendelea, na Mita akamjibu kwamba ndiyo, kila kitu kimeandikwa.

Watu mia mbili walijua ninapona. Mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari.

Hapo nilimpa Mita vidonge vyake. Nilimwambia mtu haambiwi amepona kwa maandishi ya pembeni ya kioo. Nilimwambia mdomo aliopewa si wa kulia chakula tu. Nilimwambia wiki tisa nimekula na kulala na aibu ya bure. Alisimama pale na soksi yake iliyotoboka, akapokea yote, kisha akasema taratibu, "Siku ya kwanza nilikuonyesha, shemeji. Ulisema sawa." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Rudisha kasi ya siku ya kwanza," nikamwambia.

Akarudisha. Nikaushika ule mkasi usio na makali. Lori likarusha gunia la kwanza, na gunia likashuka polepole, polepole, mpaka nikapata muda wa kuangalia mshono wake. Ndilo hili lililokuwa linanishinda? Nikalidaka. La pili nikalingoja. La tatu nilichoka kulingoja. Nilidaka magunia tisini na saba, na yale matatu niliyakosa kwa sababu machozi yalinizuia kuona. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, hakutoa methali hata moja.

Alhamisi mwenye karakana alipokuja hatukuzungumza sana. Nilikuwa nimeshatandika kitambaa mezani, tabaka mbili, nimeichora shingo ya shati kwa chaki. Nikachukua mkasi wangu wenyewe, ule wa kweli, mzito. Vidole viliingia kwenye mishikio, nikavipa muda, nikaanza. Kona ya shingo ndiyo mtihani wa mkataji, kwa sababu mkasi hausimami wala haukimbii. Nilitoka jasho mpaka mgongoni. Nilipomaliza, akakiinua kipande akakiweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa umetoka nje ya chaki."

"Nimeona."

"Kwa unene wa uzi."

"Zamani nilikuwa sitoki."

"Zamani ulikuwa unatoka, ila ulikuwa husemi," akasema, na akakikunja kile kipande akakiweka kwenye mkoba wake. Tukakubaliana. Asubuhi meza ni yangu, mchana atakata mwenzangu mpaka nipate nguvu. Tabaka mbili kwanza, kisha nne. Karatasi za vipimo hakuziulizia.

Nimerudi. Sasa ni mwezi wa pili, na juzi nimekata tabaka tano. Mkono bado unachoka ikifika saa sita, na siku za baridi kidole cha shahada kinakuwa na kiburi, lakini kinatii. Kila asubuhi nikifungua dirisha la pale mezani nashukuru Mungu, na nashukuru daktari, na yule dada wa mazoezi ambaye mpira wake niliutia kwenye sufuria. Na nashukuru watu nisiowajua sura. Mstaafu, nimekuja kujua, ndiye aliyeandika sehemu inayopunguza kasi bila kumfanya mpagazi aonekane mlevi. Ilimchukua siku nne, na hakuna aliyemwomba zaidi ya mara moja. Hivi sasa kuna watu saba wanaodaka magunia kwa ajili ya mikono yao, na yeyote anayelihitaji gemu letu anachukua. Nilimuuliza Mita ni nani aliyetoa ruhusa. Akaniambia ruhusa ilikuwepo tangu mwanzo, ndiyo maana ya programu huria. Safari hii nilimsikiliza mpaka mwisho.

Yeye mwenyewe amejirekebisha kupita kiasi. Sasa ananiambia kila kitu kwa mdomo. "Shemeji, nimebadilisha balbu ya choo, iliungua." "Shemeji, nimesogeza ndoo." Naitikia yote, ni haki yangu niliyoidai.

Jumapili iliyopita nilimwambia aniingize jukwaani. Akanifungia mashine ndogo juu ya kabati la vyombo, ikaanza kunyonya mazungumzo ya miaka yote kutoka kwa wenzake. Mita akaenda uani. Nikakaa na simu yangu, nikafungua Mabadiliko ya gemu la mpagazi, na safari hii sikuishia juu. Siku ile hasira ilinifanya nisome nusu. Nilishuka, sitini, hamsini, thelathini, mpaka la kwanza kabisa chini.

Kasi kutoka mia hadi ishirini, lilisema. Sababu: mchezaji ni mkata nguo na mkono wake wa kulia umelala. Anarudi kazini muhula mpya. Tafadhali anayeweza asaidie, muda ni mdogo.

Nikaangalia tarehe. Ilikuwa siku yangu ya pili wodini. Siku hiyo daktari alimwambia mume wangu, akidhani nimesinzia, kwamba mkono huo tusiutegemee. Siku hiyo jamaa watatu walikuja wakanipa pole ya kazi, kama watu waliotoka kuizika. Mita naye alikuwepo. Alisimama upande wa miguu ya kitanda saa nzima na daftari lake la mita kwapani, hakutamka neno, na mimi nilijilaza pale nikimsema moyoni kwamba hata pole imemshinda. Kumbe alitoka pale akaenda nyumbani kuandika kwamba narudi kazini, kabla mwenye karakana hajaniahidi meza, kabla hata kidole kimoja hakijasogea.

Nikamwita. Akaja mbio na bisibisi mkononi, akidhani mashine imeharibika. Nikamwambia ahsante, neno zima, bila utani nyuma yake. Akaangalia chini, akaigeuza bisibisi mara mbili tatu.

"Si niliandika tu, shemeji."

"Najua," nikamwambia. "Nimesoma."